Mbuzi Anayekula Jua

Hapa kijijini wananiita Katibu, na wala si kwa sababu nina ofisi. Ofisi niliiacha mjini Dodoma miaka sita iliyopita, nilipostaafu ukatibu muhtasi baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuandika barua za wakubwa ambao wengine hawakujua hata nukta inakaa wapi. Nilikuwa nimepanga mtaa wa Nkuhungu. Nikachoka na kelele za baa ya jirani, nikarudi kwetu huku upande wa Bahi na vitanda viwili, masufuria, na kompyuta moja ndogo inayokula jua. Jina langu ni Elieth, lakini ukiuliza njiani kwa Elieth watakutazama tu. Uliza kwa Katibu mwenye mbuzi, hata mtoto atakuleta mpaka mlangoni.

Mbuzi ndiyo hiyo kompyuta. Niliinunua kwenye mradi mmoja uliokuwa unafunga shughuli na kuuza vitu vyake. Mgongoni ina vibao viwili vya sola vinavyokunjuka. Kila asubuhi saa mbili na nusu naitoa, naiweka juu ya kinu kilichofudikizwa, vibao vikitazama jua. Kivuli cha ua wa minyaa kikiifikia, naihamisha. Saa sita jua linakuwa kali mpaka kompyuta inachemka na kujizima yenyewe, basi naiingiza ndani ipoe, saa nane naitoa tena. Majirani waliniona kutwa nahamisha, wakasema Katibu kafunga mbuzi. Jina likashika. Hata mwinjilisti wetu akiwa na tangazo la kuandika anaanzia mbali: "Katibu, mbuzi kashiba leo?"

Kuishi na kitu hiki kunataka moyo. Vumbi la huku unalijua, linaingia hata kwenye yai. Nafuta vibao mara tatu kwa siku kwa kipande cha kanga kilicholowa. Kuku aliwahi kupanda juu ya vitufe akaandika K mistari saba katikati ya barua ya maombi ya kazi, na mimi nilikuwa karibu kuituma. Na kwa kuwa mchana kioo hakisomeki kwa mwanga, inabidi nijifunike kanga kichwani pamoja na kompyuta, nachapa humo ndani jasho likinitoka. Watoto wakipita wanasema Katibu anapiga nyungu. Wacha waseme. Nani mwingine kijiji hiki anawaandikia maombi ya vyeti vya kuzaliwa?

Kilema chake kimoja, na ndicho kilichonitia kwenye haya ninayosimulia: tundu la chaja lilikufa mwaka juzi. Fundi wa Chang'ombe, kule Dodoma mjini, alilichungulia kwa tochi, akatikisa kichwa kama daktari, akasema kifaa chake hakipo. Kwa hiyo umeme wa nguzo, hata ukiwepo, kwangu hauna faida. Chakula chake ni jua tu. Na betri nayo imezeeka kama mwenyewe. Inakuonyesha asilimia kumi na mbili, ukigeuka kukohoa ukirudi ni saba.

Sasa nieleze na kilema changu mimi.

Sisi Wagogo ulimi wetu hauna R. Ni balua, ni habali za asubuhi, ni halaka halaka. Nami nilikuwa hivyo hivyo nilipoanza kazi. Mwezi wangu wa kwanza ofisini bosi alinisimamisha mbele ya wenzangu nisome kwa sauti "barua rasmi ya taarifa ya robo ya mwaka", na walicheka mpaka mmoja akatoka nje kufuta machozi. Nilikwenda chooni nikalia. Kisha nikajifunza R humo humo chooni, nikiing'urumisha mbele ya ndoo, wiki tatu, mpaka ikakaa. Tangu siku hiyo mtu akisema balua mbele yangu siwezi kunyamaza. Nitamwambia, sema barua. Mzee, mtoto, mgonjwa, kwangu sawa. Nilidhani nawasaidia. Haki ya Mungu, nilidhani nawasaidia.

Miaka miwili iliyopita Mzee Nathanaeli aliniita kwake. Alikuwa mgonjwa wa kifua, anajua anakwenda, akataka wosia wake uandikwe mbele ya wazee wawili. Tukakaa nje ya nyumba yake. Kwa kuwa alikuwa anakohoa na kuharakisha maneno, nikabonyeza kurekodi, kompyuta ikawa inachukua sauti huku mimi naandika. Nyumbani nikatengeneza muhtasari safi wa ukurasa mmoja, nikaenda kuuchapisha Bahi, mzee akatia dole gumba. Nakala moja ikaenda ofisi ya kijiji, nyingine akapewa binti yake wa pekee, Angelina. Miezi miwili baadaye tukamzika.

Angelina ndiye aliyemuuguza. Alikuwa ameolewa na Castory, mfanyabiashara wa mazao, kwa ng'ombe wanane. Akarudi kwa baba yake na mtoto mgongoni na jino moja limeng'olewa kwa ngumi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini amerudi. Jino lilikuwa limeshaeleza. Ng'ombe wale walikufa kwenye kiangazi kile kibaya, wote, na mzee hakuwa na cha kurudisha. Alichobaki nacho Angelina ni shamba la bondeni, ekari tatu za udongo mweusi. Analima mtama na karanga, anakula, anasomesha.

Mwaka huu, Desemba, wakati watu wanatazama mbingu wakisubiri mvua, Castory akafungua shauri kwenye baraza la usuluhishi la kata. Mkononi ana nakala ya muhtasari wangu, kaitoa ofisi ya kijiji. Kaipigia mstari mwekundu sentensi moja: *Shamba la bondeni ni mahari ya Angelina.*

"Wazee wangu," alisema, amesimama na viatu vyake vya kung'aa, "mimi si mtu wa fujo. Mke ameniacha, mahari inarudi. Ndiyo mila yetu. Ng'ombe zangu hazipo. Lakini marehemu mkwe wangu alikuwa mtu wa haki, alijua anadaiwa, ndiyo maana akaandika kwamba shamba hili ndiyo mahari. Dole gumba lake hili hapa. Nataka shamba langu."

Mwenyekiti wa baraza, Mzee Yotham, akaniita mbele. Mashahidi wawili wa wosia walikuwa hawana msaada: mmoja amemfuata Nathanaeli kaburini, wa pili masikio yameziba na alichokumbuka siku ile ni chai tu. Nimebaki mimi.

"Katibu, karatasi hii uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Ndivyo alivyosema marehemu?"

Hapo ndipo ningesema ngoja nikumbuke. Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angesema ngoja kwanza. Lakini nilimsikia mtu nyuma akinong'ona kwamba huenda bibi alikosea kuandika, damu ikanipanda. "Mwenyekiti," nikasema, na R zangu zote zimenyooka, "miaka thelathini na mmoja sijawahi kuandika neno ambalo mtu hakulisema."

Nikamwona Angelina ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa amefumbua mdomo tu, pengo lake linaonekana.

Mzee Yotham akaahirisha mpaka Alhamisi ya wiki iliyofuata. Akasema mpaka siku hiyo asionekane mtu kutia jembe kwenye shamba la bondeni, si Angelina, si Castory. Karani wa baraza, Paulina, akaandika hilo kwenye daftari kubwa.

Angelina alinifuata njiani mpaka karibu na kwangu kabla ya kusema neno.

"Shikamoo, mama Katibu."

"Marahaba. Usinilaumu, mwanangu. Nimesema kweli."

"Baba alisema mahali."

"Ndiyo. Mahari."

"Si mahari, mama. *Mahali.* Pa kukaa. Alikuwa ananiambia kila siku kule ndani, hii ni mahali yako."

Nikasimama. Nikamwambia, nikijitetea kama mwanasheria, "Alisema 'mahali ya Angelina'. Nakumbuka ile 'ya'. Angekuwa na maana ya mahali pa kukaa angesema 'mahali pa'. Kiswahili kina kanuni zake."

"Mama," akasema taratibu, "baba yangu alijua lini kusema 'pa'?"

Nilibaki nimesimama pale njiani na mkoba wangu. Mzee Nathanaeli alisema hii mti, hii mtoto, hii maji, maisha yake yote. Kwenye ulimi wake mahari na mahali ni neno moja. Na mimi, fundi wa kuwatengenezea watu vinywa, nilisikia L nikaifanya R kwa mazoea, kama mtu anavyomfukuza nzi bila kumtazama. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema. Mimi nilikuwa nimejikwaa kwa ulimi wa mtu mwingine.

"Nilirekodi," nikasema.

Tulikwenda karibu tunakimbia. Nikafungua kompyuta, nikaingia kwenye sauti, faili likawepo, tarehe ile ile, dakika arobaini na moja. Nikabonyeza. Tukasikia jogoo, tukasikia mtu anakohoa, na kioo kikawa cheusi. Betri.

"Kesho asubuhi," nikamwambia. "Jua likitoka tu."

Kesho yake haikuwa na jua. Niliamshwa na vigelegele. Mbingu yote upande wa mashariki imekuwa kama sufuria lililoungua, upepo unanuka udongo, na watu wako nje na ndoo, na makarai, na kila chombo. Mvua ya kwanza. Miezi minane tunaingoja! Ilinyesha Jumamosi kutwa, Jumapili ikanyesha, Jumatatu ikapungua ikawa manyunyu bila wingu kusogea, Jumanne ikaanza upya.

Nilikuwa nakaa mlangoni na kompyuta kwenye mapaja, vibao vimefunguliwa, natazama juu. Mwanga wa mawingu unaingia kidogo, asilimia moja, mbili, halafu inarudi moja. Jumapili kanisani waliimba mpaka bati likatetemeka, mwinjilisti akashukuru kwa mvua, kila mtu akasema Amina, na mimi nikasema Amina yangu shingo upande. Jumatatu uzalendo ukanishinda. Nikasimama uani nikapiga kelele, "Hivi wewe mvua huwezi kukoma hata saa mbili tu?"

Jirani yangu Raheli alikuwa upande wa pili wa ua anapanda mahindi. Akainuka na tope mpaka kwenye magoti.

"Hee! Katibu! Unaomba jua? Dodoma hii?"

"Naomba kwa kazi maalumu."

"Shetani naye huwa na kazi maalumu," akasema, akainama kuendelea kupanda. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Katibu anaifukuza mvua kwa ajili ya mbuzi wake. Sikucheka, na wao hawakuwa wanatania sana.

Na msiniambie habari ya flash. Flash ninayo, ina barua za kijiji kizima. Sauti nilikuwa siziweki humo kwa sababu ni nzito, zinajaza nafasi. Simu yangu ni ya kitochi. Ningekuwa na akili ya leo siku ile, nisingekuwa na habari ya kuwasimulia.

Kilichoniumiza zaidi ni kumwona Angelina. Kila asubuhi alikwenda kusimama pembeni ya shamba la bondeni, amejifunika gunia kichwani, anatazama maji yanavyoingia kwenye udongo wake. Huku kwetu ukiikosa mvua ya kwanza umekosa mwaka. Majirani wote wameinama kwenye mistari wanapanda, yeye amesimama na mbegu zake za mtama kwenye kibuyu. Asingethubutu kushusha jembe. Castory alikuwa ameweka mtu wa kuchungulia.

Jumatano saa saba na nusu jua likatokea. Nilikuwa nakula, nikaacha ugali na mkono sijanawa. Nikaweka kompyuta juu ya kinu, nikaisimamia kama mtu anayechunga uji usimwagike. Wingu likipita natukana, likiondoka naomba radhi. Jua lilikaa saa moja na dakika chache. Kisha mbingu ikafunga tena. Nikawasha, nikaona: asilimia kumi na mbili. Nikaizima haraka.

Angelina alikuja amelowa.

"Tusikilize," akasema.

"Hapana."

"Mama, hata kidogo. Nijue tu."

"Tukisikiliza leo, kesho nitawapelekea nini? Maneno yangu? Maneno yangu nimeshayaharibu mwenyewe mbele ya baraza." Nilikuwa nafoka, na nilijua nafoka kwa sababu naogopa. "Haya ni ya kusikiliza mara moja tu. Tutayasikia nao."

Akakamua upindo wa kanga yake. "Na kama kweli alisema mahari?"

"Basi nitakuwa nimekumaliza mara mbili," nikamwambia. Hakulia. Akachukua kibuyu chake cha mbegu akaenda.

Alhamisi kulikuwa na manyunyu. Niliifunga kompyuta kwenye mfuko wa nailoni, juu yake kanga mbili, nikaibeba mgongoni kama mtoto mchanga na mwavuli juu. Watu njiani hawakunitania. Ofisi ya kata umeme ulikuwa umekatika tangu Jumapili. Wajumbe wamekaa kwenye mabenchi, Castory kavaa mabuti mapya ya mvua, Angelina kakaa peke yake karibu na mlango.

Nilisimama nikasema nina sauti ya marehemu. Minong'ono ikapanda.

"Mwenyekiti," Castory akaruka, "sasa tunaita mizimu? Huyu mama wiki iliyopita ameapa kwamba karatasi ni sahihi. Leo kaja na miujiza ndani ya kanga!"

"Hakuapa," Mzee Yotham akasema. "Alijisifu. Kaa chini. Katibu, weka tusikie."

Nikawasha. Kumi na mbili. Inajivuta, inajivuta, ikafunguka: tisa. Nikapunguza mwanga wa kioo mpaka mwisho. Nikafungua faili, jogoo akawika, mzee akakohoa. Lakini hapo hapo mvua nayo ikaamua kuja kwa nguvu, na bati la ofisi ya kata halina dari. Hatusikii kitu! Spika ya mbuzi wangu ni ndogo kama tundu la kifungo cha shati. Paulina akawa mwerevu kuliko sisi wote. Akatoka mbio akaleta karai la zege, tukaisimamisha kompyuta ndani yake sauti ijikusanye, na baraza zima likaacha mabenchi likaja kuinama, vichwa vimegusana, Castory naye humo humo.

Saba.

Dakika arobaini na moja, betri ya dakika nne labda. Lipo wapi neno lenyewe? Nilifumba macho. Siku ile tulianza na mbuzi wa mzee, wale wa miguu minne, nani apewe yupi. Ikaja chai. Shamba lilikuja baada ya chai. Nikaburuta mpaka katikati, nikasikia vikombe. Nikasogeza mbele kidogo.

Tano.

"...hii mgunda ya bondeni," ikasema sauti, na Angelina akashika mdomo, kwa maana ilikuwa sauti ya baba yake kabisa, na kile kikohozi chake, "hii mgunda ya bondeni ni mahali ya Angelina."

Castory akainua kichwa. "Mahari! Si mmesikia? Mahari!"

"Shhh!"

Kisha ikatoka sauti nyingine karaini. Kavu, ya juu, ya mtu anayejua. Ilichukua muda nitambue kwamba ni yangu.

"Mzee, ni ma-ha-*ri*. Si mahali. Sema mahari."

"Mahali."

"Kwa R, mzee wangu. Ri. Ri. Mahari."

Watu wa siku ile wanasikika wakicheka. Mzee naye anacheka kidogo, kicheko kilichochoka. "Mwanangu, hiyo kitu mdomo yangu haina. Andika wewe uliyesoma."

"Haya. Nimeandika. Endelea."

Nne. Tatu. Nilitamani betri ife pale pale. Kusema kweli, nilitamani. Uso wangu ulikuwa unawaka, na hakuna aliyenitazama, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko wangenitazama. Lakini sauti ikaendelea, na yale yaliyofuata nilikuwa nimeyasahau kabisa, kwa sababu sikuyaandika. Muhtasari ni muhtasari. Porojo za mgonjwa hatuweki.

"Mama yake amelala hapo," mzee akasema. "Pale kwa mkwaju. Na mimi nitalala hapo. Na yeye akichoka, atalala hapo. Mtu asimwambie Angelina toka. Alishaambiwa toka kule, na jino wakachukua. Hapa asiambiwe. Hii ni mahali ya..."

Kioo kikawa cheusi.

Mvua ilikuwa inapiga bati na hakuna aliyenyanyuka kutoka kwenye lile karai. Angelina alikuwa analia bila sauti, mabega tu.

Castory ndiye wa kwanza kusimama. "Neno ni lile lile," akasema, lakini alikuwa analiambia dirisha. "Mwenyewe amekubali iandikwe mahari. Dole gumba katia."

Mzee Yotham alirudi kwenye kiti chake polepole, akaniangalia. "Katibu. Wewe ndiye mwenye masikio ya shule. Umesikia nini humo?"

Ningeweza kusema nimesikia mahali. Ingetosha. Lakini wiki iliyopita nilikuwa nimesimama pale pale nikajisifu, na kujisifu kule ndiko kulikomzuia mtu kupanda.

"Mwenyekiti, nimesikia mwanamke mpumbavu anamfundisha mzee anayekufa jinsi ya kuongea," nikasema. "Yeye alikuwa anamwachia mwanawe mahali pa kuishi. Mimi nilikuwa nasahihisha matamshi. Wiki iliyopita niliwaambia sijawahi kuandika neno ambalo mtu hakulisema. Niliandika. Hilo moja niliandika, na yale aliyoyasema kweli nikayaacha. Kosa ni langu, si la Nathanaeli, na Angelina hana deni nalo."

Nikarudi kwenye benchi. Mzee Yotham akamgeukia Castory.

"Sisi hapa ni wasuluhishi, hatumfungi mtu. Ukitaka kwenda mbele wilayani, nenda. Sisi wote tisa tutakuja kusema tulichosikia. Tutaanzia na hilo jino."

Castory alitazama mabuti yake. Watu aliokuja nao walikuwa wametazama pembeni. "Shamba ni lake," akasema mwishowe. "Mimi sina shida na shamba."

"Paulina, andika," Mzee Yotham akasema.

Paulina akavuta daftari kubwa, akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya. Mimi nilikuwa kwenye benchi, mbuzi wangu aliyekufa mapajani, naona kila anachoandika. *Shamba la bondeni ni maha...* Akasimamisha kalamu, akanigeukia mimi, kwa mazoea ya kijiji kizima.

"Katibu, hapa ni L au R?"

Mdomo ukafunguka. Nikaufunga.

Angelina akajibu kutoka mlangoni. Alikuwa ameshashika kibuyu cha mbegu, mguu mmoja uko nje kwenye mvua. "Andika kama baba alivyosema."

Paulina akainamia daftari akamaliza: *mahali ya Angelina.*

Ya. Kiswahili sanifu kinataka *pa*. Mkono wa kulia uliniwasha mpaka kwenye vidole, na kalamu ilikuwa pale mezani karibu kabisa. Nikaukalia.